Alama za mtihani ziko juu, gredi za shule ziko chini: vyuo vya Marekani husoma nini?

Katika mji wa Coon Rapids, kaskazini mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, zipo familia zenye asili ya Afrika Mashariki ambazo msimu wa vuli unapoingia hukabiliwa na kitendawili. Kijana wao amepata alama za juu sana katika mtihani wa kuombea nafasi ya chuo, lakini ripoti yake ya shule, inayoanzia darasa la tisa, imejaa gredi za C na D. Je, chuo chenye ushindani mkali kitamchukua?

Jibu fupi ni kwamba jambo hilo ni gumu, ingawa haliko nje ya uwezekano. Jibu refu linahitaji kwanza kuvunja dhana ambayo wazazi wengi walihama nayo kutoka nyumbani, kwamba mtihani ukishafanywa na kufauluwa, mengine yote yaliyotangulia yamesamehewa.

Coon Rapids ni mji wa watu takriban 63,000 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2020, uliojengwa kando ya mto Mississippi katika wilaya ya Anoka. Shule zake za umma zimo katika mamlaka ya shule ya Anoka-Hennepin, iliyo kubwa kuliko zote katika jimbo hilo. Katika vitongoji hivi vya kaskazini, pamoja na jirani yake Brooklyn Park, wamepata makao Wakenya, Wasomali, Waoromo na wengine kutoka pembe zote za kanda yetu. Wengi wao hufanya kazi za uuguzi na utunzaji, katika hospitali, katika nyumba za wazee na katika nyumba za kuwahudumia watu wenye ulemavu. Kazi hizo zina zamu za usiku, na zamu za usiku, kama tutakavyoona, zina uhusiano mkubwa kuliko inavyodhaniwa na gredi za mtoto aliyebaki nyumbani.

Kijana wa mfano

Tumchukue kijana wa mfano, ambaye hatutampa jina kwa kuwa ni wa kubuni. Amefanya mtihani wa ACT, ambao kwa miongo mingi ndio uliozoeleka zaidi Minnesota, na kupata alama 33. Mtihani huo hupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 36, na wastani wa wahitimu wa sekondari nchini Marekani katika miaka ya karibuni umekuwa kati ya 19 na 20. Mwenye 33 yumo katika asilimia mbili au tatu za juu za wote wanaoufanya. Angefanya ule mtihani mwingine, SAT, wenye alama za juu kabisa 1600, alama yake ingelingana na takriban 1460.

Lakini wastani wake wa gredi za shule, ule unaoitwa GPA, ni 2.6. Katika hesabu hiyo A ni pointi nne, B tatu, C mbili, D moja, na F haina kitu. Maana yake ni kwamba kijana huyu ameishi kati ya B na C kwa miaka mitatu.

Mama yake, tuseme, alifanya mtihani wa KCSE nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990. Akiliona lile 33, anapiga simu Nakuru usiku huohuo: "Mwanangu amepasua mtihani." Kwa macho yake, kazi imekwisha. Kilichobaki ni kuchagua kati ya Harvard na Stanford.

Si haki kumcheka. Katika nchi alikokulia, ndivyo mambo yalivyokuwa. Tangu watahiniwa wa kwanza wa KCSE walipofanya mtihani huo mwaka 1989, ni gredi ya mwisho iliyoamua nani aende chuo kikuu na nani abaki. Mwanafunzi aliyekuwa wa mwisho darasani kuanzia kidato cha kwanza hadi cha tatu, kisha akaamka katika kidato cha nne na kupata A, alihesabiwa kuwa mwenye A. Hakuna aliyemwuliza habari za kidato cha pili. Nchini Tanzania alama za maendeleo ya shuleni zimekuwa zikiingizwa kwa kiasi fulani katika matokeo ya kidato cha nne, lakini huko nako uzito mkubwa umebaki kwenye karatasi za Baraza la Mitihani. Uganda nayo imeujenga mfumo wake juu ya nguzo hiyohiyo.

Marekani hujenga kinyume. Hakuna mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Kilichopo ni hati ya matokeo ya shule, inayoanza kuandikwa siku mtoto anapoingia darasa la tisa, akiwa na miaka 14 au 15, wakati ambapo familia iliyowasili jana bado inatafuta nyumba ya kupanga. Katika uchunguzi ambao chama cha washauri wa udahili nchini humo kimekuwa kikiufanya kwa miaka mingi, gredi za sekondari na uzito wa masomo yaliyochaguliwa vimekuwa vikitajwa mbele ya alama za mtihani. Mtihani huja kuthibitisha hati hiyo au kuitilia shaka.

Hesabu ya sifuri

Inakuwaje kijana awe na akili ya kupata 33 na bado apate C? Wazazi wengi hudhani kuna mwalimu anayemchukia. Mara nyingi maelezo ni ya kihesabu tu, na inafaa kuyafahamu.

Tuseme mwalimu wa historia ametoa asilimia 70 ya alama kwa majaribio ya darasani na asilimia 30 kwa kazi za nyumbani. Kijana wetu anapata wastani wa 95 katika majaribio, bila hata kudurusu, lakini hakabidhi kazi za nyumbani. Kazi isiyokabidhiwa huingizwa sifuri. Asilimia 70 ya 95 ni 66.5, na kwa kipimo kinachotumiwa na shule nyingi hiyo ni D. Mwenzake anayepata 78 katika majaribio na kukabidhi kila kazi akapewa 95 humaliza na alama 83, ambayo ni B. Mwalimu hakumchukia yeyote. Ametoa hesabu ya kazi aliyoiona.

Sasa tuulize ni kwa nini kazi haikukabidhiwa, maana hapa majibu hutofautiana sana. Yupo kijana aliyechoshwa na masomo yaliyo mepesi kwake. Yupo aliyekesha katika michezo ya kompyuta. Yupo ambaye mama huondoka saa tatu usiku kwenda zamu na baba anaendesha lori katika jimbo jingine, hivyo yeye ndiye anayewapikia wadogo zake, kuwalaza, kuwaamsha na kuwapandisha basi la shule asubuhi, kisha anaingia darasani baada ya kipindi cha kwanza kwisha. Yupo aliyewasili kutoka kambi ya Kakuma akiwa na miaka 15, akawekwa katika masomo ya kuanza Kiingereza, na gredi za mwaka wake wa kwanza zinaonyesha lugha aliyokuwa hajaijua wala hazisemi lolote kuhusu hesabu aliyokuwa anaijua.

Na yupo mwingine ambaye katika jamii zetu huitwa mvivu mpaka anaamini mwenyewe. Anaelewa kila kitu, anasahau kila kitu, anaanza kazi tano na hamalizi hata moja. Pengo kubwa kati ya alama za mtihani na gredi za darasani wakati mwingine ni dalili ya tatizo la umakini ambalo lina jina la kitabibu na lina msaada. Chini ya sheria za shirikisho, mzazi ana haki ya kuiomba shule kwa maandishi imfanyie mtoto tathmini bila malipo. Ombi hilo si kumtangaza mtoto kuwa mwendawazimu, kama baadhi ya wajomba watakavyosema sebuleni. Ni ombi la kawaida kabisa, na likifanywa katika darasa la tisa hufaa kuliko likifanywa katika darasa la kumi na mbili.

Swali linaloulizwa chuoni

Afisa wa udahili anapofungua faili la kijana mwenye 33 na GPA ya 2.6, hakosi kuiona akili. Ameiona. Tatizo ni kwamba alama hiyo imemwondolea kijana utetezi uliokuwa rahisi kuliko yote. Mwenye gredi za C na ACT ya 19 anaweza kusemekana kuwa amefanya kadiri ya uwezo wake. Mwenye gredi za C na ACT ya 33 ameonyesha kuwa angeweza na hakufanya. Kwa hiyo alama ya juu, peke yake, huzaa swali: wakati ule ulikuwa unafanya nini, na kuna sababu gani ya kuamini kwamba ukiwa mbali na wazazi, katika bweni, utafanya tofauti?

Kuna jambo jingine linaloifanya 2.6 ionekane duni kuliko zamani. Gredi za shule za Marekani zimekuwa zikipanda. Taasisi yenyewe ya ACT ilitoa utafiti mwaka 2022 ulioonyesha kwamba wastani wa gredi za wanafunzi waliofanya mtihani wake ulipanda kutoka 3.22 mwaka 2010 hadi 3.39 mwaka 2021. Mahali ambapo wengi wanapewa A na B, C husomeka kama onyo.

Watafiti wenyewe wamegawanyika juu ya kipi kinabashiri mafanikio zaidi. Mwaka 2020 Elaine Allensworth na Kallie Clark walichapisha uchunguzi wa wahitimu zaidi ya 55,000 wa shule za umma za Chicago, wakaona kwamba gredi za sekondari zilibashiri kumaliza chuo kwa nguvu mara tano ya alama za ACT. Mwaka 2024 kundi la wachumi wa taasisi ya Opportunity Insights lilitoa matokeo yaliyoelekea upande wa pili: katika vyuo vile vichache vya juu kabisa, vya kundi la Ivy League na vinavyofanana navyo, ni alama za SAT na ACT zilizobashiri gredi za chuoni vizuri zaidi kuliko gredi za sekondari.

Utafiti huo wa pili umepokelewa kwa furaha na wazazi wenye vijana wa aina hii, na hapa inabidi kuonya. Wanafunzi waliochunguzwa walikuwa wamekwisha kudahiliwa katika vyuo hivyo, na karibu wote walikuwa na gredi za juu sana. Gredi haikuweza kuwatenganisha kwa sababu wote walikuwa nayo. Kutoka hapo hatuwezi kukata shauri kwamba kijana wa 2.6 atafanya vizuri, kwa kuwa vijana wa 2.6 hawakuwemo katika hesabu ile isipokuwa kwa nadra.

Milango ya mtihani yafunguliwa tena

Hata hivyo, mwelekeo wa sera umempa kijana wetu kitu kidogo. Wakati wa janga la Covid-19 mwaka 2020, vyuo vingi viliacha kulazimisha mtihani. MIT ilirejesha sharti hilo mwaka 2022. Mwaka 2024 zikafuata Dartmouth, Yale, Brown, Harvard, Caltech, Cornell na Stanford, kila moja kwa ratiba yake na masharti yake. Katika vyuo hivyo alama ya juu ina mahali pa kusomwa.

Ila vyuo hivyo ndivyo vinavyokataa karibu kila mtu. Harvard imekuwa ikichukua waombaji wasiofika watano katika kila mia, na miongoni mwa wanaokataliwa wamo wenye ACT ya 35 na A tupu. Kutuma maombi kumi kwa vyuo vya aina hiyo, kila ombi likigharimu takriban dola 80 kwa asiyepata msamaha wa ada, ni kununua tiketi kumi za bahati nasibu.

Upande mwingine kabisa upo mfumo wa Chuo Kikuu cha California, ambao uliamua mwaka 2020 kuachana na mitihani hiyo na sasa hauiangalii kabisa katika udahili. Mwombaji kutoka nje ya California hutakiwa kuwa na GPA isiyopungua 3.4 katika masomo maalumu. Kijana wetu akipeleka 33 yake huko, hakuna wa kuifungua.

Karibu na nyumbani, Chuo Kikuu cha Minnesota na vyuo binafsi vya Carleton na Macalester vimekuwa vikimwachia mwombaji uamuzi wa kuwasilisha alama au kutoziwasilisha. Macalester, kilichoko Saint Paul, ndicho alichosoma Kofi Annan, aliyefika huko kutoka Ghana mwaka 1959 na kuhitimu mwaka 1961. Kwa mwenye gredi za chini na mtihani mzuri, uamuzi huo ni rahisi: aziwasilishe. Nafasi yake halisi, lakini, iko zaidi katika vyuo vinavyochukua nusu ya waombaji au zaidi, ambako ACT ya 33 iko juu mno ya wastani na ambako chuo chenyewe kina hamu ya kumpata. Ajihadhari tu na jambo moja: misaada mingi ya fedha inayotolewa kwa alama huweka masharti mawili kwa pamoja, ya mtihani na ya GPA, na anayekosa moja hukosa fedha zote.

Wasomaji walioko nyumbani watauliza juu ya mpango wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na mwanariadha wa zamani Mike Boit na mwandishi John Manners, ambao umepeleka vijana wa Bonde la Ufa katika Harvard, Yale na vyuo vingine vya hadhi hiyo. Ni kweli kwamba matokeo ya KCSE ndiyo yaliyowafungulia vijana hao mlango wa mpango. Lakini baada ya hapo waliandaliwa kwa SAT, kwa insha na kwa mahojiano, na vyuo huomba pia ripoti za shule za miaka yote. Mwanafunzi aliyeko Eldoret au Moshi anayetarajia kuomba Marekani asitupe ripoti zake za kidato cha kwanza.

Kusema ya nyumbani

Ombi la chuo lina sehemu ambazo mwombaji anaweza kujieleza. Mbali na insha kuu ya maneno yasiyozidi 650 katika fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi, kuna nafasi ya maelezo ya ziada. Aidha mshauri wa wanafunzi shuleni huandika barua yake na kujaza taarifa juu ya shule na mwanafunzi. Hapa ndipo mambo ya zamu za usiku yanapopaswa kutajwa, na hapa ndipo familia nyingi zinaponyamaza.

Sababu inaeleweka. Tumelelewa tukiambiwa kwamba ya ndani hayatolewi nje. Mama hataki chuo kisome kwamba mwanawe wa miaka 15 ndiye aliyekuwa akilea wadogo zake, akihofu kuonekana mzembe au hata kuitiwa maafisa wa ustawi wa watoto. Tena mzazi aliyesoma Afrika Mashariki anajua kwamba ukiitwa shuleni, mtoto amefanya kosa. Hajazoea kwenda kwa mshauri bila kuitwa, akaketi na kumweleza hali ya nyumbani. Wenyeji huenda, na barua za watoto wao huwa nene.

Maelezo yenyewe yana namna yake. Anayeandika, "Nilikuwa na matatizo ya kifamilia yaliyoathiri masomo yangu," hajasema kitu ambacho afisa hajakisoma mara mia wiki hiyo. Anayeandika kwamba kuanzia Septemba ya darasa la tisa hadi Juni ya darasa la kumi mama yake alifanya kazi usiku, kwamba yeye aliwapeleka wadogo zake wawili kituo cha basi saa mbili na nusu na hivyo akakosa kipindi cha kwanza cha hesabu mara nyingi, kwamba Agosti iliyofuata shangazi alihamia kwao, na kwamba tangu hapo amepata A katika hesabu mihula yote, huyo amejibu lile swali. Hayo yote ni mistari mitano au sita. Hayahitaji machozi, na mstari wa mwisho ndio wenye nguvu, kwa kuwa unaonyesha gredi zilizobadilika.

Kama sababu ilikuwa uvivu wa kweli, bora aseme hivyo kwa ufupi na aonyeshe kilichobadilika, kuliko kubuni msiba. Washauri na walimu nao wanaandika barua, na hadithi zisipolingana huonekana.

Bila gredi zilizobadilika, maelezo mazuri kabisa hubaki maelezo. Hesabu yenyewe ni kali. Mwenye wastani wa 2.4 baada ya darasa la tisa na la kumi, akipata A tupu mwaka mzima wa darasa la kumi na moja, hufika 2.93 tu wakati wa kuomba. Namba hiyo haivutii. Lakini afisa huiona hati nzima, mwaka kwa mwaka, na mstari unaopanda kutoka C hadi A husomwa tofauti na mstari uliolala.

Kwa sababu hiyo kalenda ni muhimu. Maombi ya mapema hufungwa kwa kawaida tarehe mosi Novemba, na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Wazazi huambiwa kwamba kuomba mapema huongeza bahati. Kwa kijana ambaye ushahidi wake mzuri bado unaandikwa, ninaona kusubiri kunafaa zaidi: akiomba Januari, ripoti ya katikati ya mwaka wa mwisho itafika mezani ikiwa na A zake mpya.

Wengine hutazama Uingereza, ambako vyuo vingi humpima mwombaji kutoka Marekani kwa matokeo ya mitihani ya AP, inayofanywa kila Mei na kusahihishwa nje ya shule, zaidi ya GPA. Kwa kijana anayeng'ara katika mitihani hiyo ni njia halali, ila ada za wanafunzi wa kigeni huko si za mfuko wa muuguzi.

Chuo kilicho jirani

Njia ambayo inatajwa kwa sauti ndogo katika hafla zetu ndiyo yenye matumaini zaidi kwa kijana wa Coon Rapids, nayo iko mjini mwake, kwenye ukingo wa Mississippi. Anoka-Ramsey ni chuo cha umma cha miaka miwili kilichoanzishwa mwaka 1965. Humdahili mwenye cheti cha sekondari bila mashindano ya gredi. Nimewasikia wazazi wakikitaja kana kwamba ni adhabu.

Kwanza, kijana hahitaji kungoja amalize sekondari. Mwaka 1985 Minnesota ilikuwa ya kwanza nchini kutunga sheria inayomruhusu mwanafunzi wa sekondari kusoma masomo ya chuo huku jimbo likilipia ada na vitabu, mpango unaojulikana kwa herufi PSEO. Vyuo vya umma vya jimbo vimekuwa na utaratibu wa kumkubali mwanafunzi kwa nafasi yake darasani au, asipokuwa nayo, kwa alama ya mtihani wa kitaifa. Hapa ndipo 33 inapofanya kazi ambayo Harvard haikuitaka: inaweza kumwingiza darasani chuoni akiwa bado darasa la kumi na moja au kumi na mbili, akapata gredi za chuo zinazoonyesha kuwa amebadilika. Hatari ni kwamba gredi hizo hukaa katika hati ya chuo maisha yote. Asiyekabidhi kazi sekondari akaenda kutokabidhi chuoni atakuwa amejiongezea deni.

Pili, anayemaliza sekondari na kuanza hapo anaweza kukamilisha mtaala wa kuhamia vyuo vingine vya jimbo, wa krediti 40 katika maeneo kumi ya masomo, uliokubaliwa mwaka 1994 na unaotambuliwa na vyuo vya umma vya Minnesota, kikiwemo Chuo Kikuu cha Minnesota. Anayeomba kuhamia baada ya mwaka mmoja au miwili hupimwa zaidi kwa gredi za chuoni, na C za darasa la tisa husogea nyuma. Vyuo binafsi vyenye ushindani pia hupokea wanaohama, ingawa nafasi ni chache, na wakfu wa Jack Kent Cooke hutoa ufadhili wa hadi dola 55,000 kwa mwaka kwa wachache wanaotoka vyuo vya miaka miwili wakiwa na matokeo bora sana.

Tatu ni fedha. Tangu vuli ya mwaka 2024 mpango wa jimbo uitwao North Star Promise hulipia ada iliyosalia, baada ya misaada mingine, kwa wakazi wa Minnesota wanaosoma katika vyuo vya umma vya jimbo na ambao mapato ya familia zao kwa hesabu ya kodi hayafikii dola 80,000 kwa mwaka. Hauulizi GPA ya sekondari. Hutaka fomu ya msaada wa fedha ijazwe, na kwamba mwanafunzi, akishaingia, aendelee vizuri na masomo. Fomu ya shirikisho, FAFSA, kwa kawaida hufunguliwa Oktoba mosi, na mzazi huhitajika kuidhinisha taarifa zake za kodi. Kwa mama wa zamu ya usiku, hilo ni la kufanywa asubuhi moja akirudi kazini, kijana akiwa ameketi pembeni na kompyuta.